Mzee Anayetaka Nipande Mti

Kaka Kirimi,

Natumaini mko wazima hapo Kangeta, na kwamba mguu wa Mama umeacha kuvimba. Mvua imeshika? Miraa imechipua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ughaibuni inauma masikio, na kwa siku kadhaa moyo wangu haukutulia.

Ni kwa sababu ya Mzee Walter, huyu ninayemkamulia ng'ombe. Ghafla amekuwa mwema kupita kiasi. Ananiletea supu, ananipa glavu. Juzi akasema Jumamosi twende kuwinda kulungu: mimi nikae juu ya mti nimwangalizie, yeye akae chini na bunduki. Eti magoti yake hayapandi tena. Kirimi, mtu ambaye friza yake imejaa nyama anatafuta kulungu wa nini? Na kwa nini bunduki ibaki chini na mimi niwe juu?

Huku mti hupandwa kwa kiti cha chuma chenye vipande viwili, cha kukalia na cha kukanyagia. Vyote hukumbatia shina. Unainua kimoja, unainua kingine, na kamba inaviunganisha. Alinitolea viti viwili, kipya na kikuukuu. "Chukua kipya," akanihimiza. Basi nikachukua kikuukuu. Angalau hicho kimeshapanda na mtu kikashuka naye.

Kelele za kiti hicho zilikuwa kama sufuria ndani ya gunia, na kulungu akisikia chuma kikigonga chuma, ameshaenda. Nikazungushia tyubu ya baiskeli kwenye pembe, nikabandika vipande vya zulia pa kukanyagia, nikapaka boliti grisi. Kila boliti niliijaribu mara mbili, nikitafuta iliyolegezwa na mtu. Sikuipata. Ikabaki ile kamba, ndoano yake ikigongagonga. Wewe na mimi tumekwea miti ya miraa tangu utoto, miguu mitupu, bila kufungwa na chochote. Nikaona kwa kamba hiyo na mkanda wake huyu anataka kunifunga kama mbuzi. Nikaikata kamba. Mkanda wa kujifungia kwenye shina nikauacha kwenye msumari.

Jana tukajaribu nyuma ya zizi. Sijafika hata usawa wa paa, kipande cha kukanyagia kikachomoka, kikaanguka meno yake ya kung'ata shina yakitazama juu. Nikabaki nikining'inia kwa mikono kwenye kile cha kukalia.

Mzee akaja mbio, yule yule wa magoti mabovu. Akalishika shina, akainama chini yangu.

"Nikanyage mabegani!"

"Mzee, nitakuvunja!"

"Kanyaga, kijana! Usiachie!"

Nikakanyaga na buti zangu za matope. Nilimsikia akiguna. Na hata nikiwa juu ya mabega yake, bado nilikuwa najiuliza anataka nini. Naona aibu kukuandikia hivyo.

Niliposhuka akaiona kamba, akauliza nani aliyeikata. Nikamwambia yote, mpaka kwamba nilimshuku.

"Tangu mke wangu afariki sijaingia msituni," akasema. "Ningekuambia naogopa kwenda peke yangu, ungenicheka. Nikafanya kama ni kazi nakupa."

Leo anatembea akishika kuta, lakini Jumamosi bado anaitaka. Nimefunga kamba mpya. Asubuhi nimeuvaa ule mkanda mbele yake. Akaja akaukaza mwenyewe, pole pole, na mimi nikamwacha akaze.

Nisalimie mke wako, watoto, na shangazi wa Nchiru anayepangishia wanafunzi vyumba. Mama mwambie nakula vizuri. Habari za mti ziishie kwako.

Ni mimi mdogo wako anayewakumbuka,
Mutethia