Mama Mkwe Akija, Sukari Inapanda

Mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni fundi makochi, nina kisukari tangu utotoni, na siku hizi navaa pampu ya insulini kiunoni na sensa mkononi, sensa inasoma sukari, pampu inaniongezea au kunipunguzia dawa yenyewe, ila kabla ya kula lazima niiambie nakula wanga kiasi gani, na namba zote zinaonekana kwenye simu ya mke wangu na ya mama yake pia, maana mke wangu ni keshia na kazini haruhusiwi kushika simu. Huyo mama mkwe ndiye aliyewahi kumpigia bosi wangu akamwambia, "Mpe mkwe wangu soda sasa hivi, ataanguka huyo," na kweli nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mteja natokwa jasho, hata jina langu silijui.

Sasa kila Jumapili alikuwa anakuja na keki yake, kipande cha kwanza ananipa mimi, nami naona haya kutoa kidude mbele yake nianze kubonyeza, itaonekana naipima zawadi ya mkwe, basi nakula kimya, ananiongeza, nakula, pampu haijaambiwa kitu, inakuja kushtuka sukari imeshapaa, kumbe mama anaiona akiwa njiani kurudi kwake. Mwezi uliopita akasema, "Mwanangu, nimefuatilia. Nisipokuja uko sawa. Nikija tu, sukari juu. Kama sitakiwi ungeniambia." Hajakanyaga kwetu tena, anataka namba zangu zitolewe kwenye simu yake, na mke wangu ananijibu kwa mkato. Nimefikiria nimwombe radhi arudi, halafu siku akija niwe navua pampu na sensa ili asione kitu. Je, itafaa?

Fundi Makochi

Fundi, pole. Nimefika mwisho. Pale kwenye kuvua pampu nilicheka, halafu nikaacha. Usithubutu! Ukivua, sukari itapanda vilevile, tena zaidi, ila hakutakuwa na wa kuiona, na utajikuta wodini kwa sababu ya haya.

Mtu mzima unapima kochi la mteja kwa futi kamba huku mwenyewe anakutazama, keki ndiyo ikushinde? Mama wa watu amesoma namba, akaelewa kwamba anachukiwa, na wewe unayeujua ukweli ukanyamaza mdomo umejaa. Unaita adabu, mimi naita uoga. Nimemwonea huruma sana mama huyu.

Usingoje Jumapili. Nenda kwake wiki hii na mkeo, kwa miguu yenu, sio kwa ujumbe wa simu. Sema, "Mama, sio wewe, ni keki, na mimi ndiye niliyekuwa naificha pampu." Muulize anatia unga na sukari kiasi gani, mpishi gani hapendi kuulizwa hivyo? Hesabu hiyo mpelekee nesi wa kliniki yako, akufundishe kukadiria kipande na kubonyeza mapema kiasi gani kabla hujala. Akikuongeza kingine, bonyeza tena au kataa. Mdomo ni wako.

Kisha keki ikikatwa, toa pampu mbele yake na ubonyeze yeye akiona. Akiwa njiani kurudi atafungua simu yake kama kawaida. Aikute namba imetulia, ajue anapendwa.