Nimempata Evodio

San Jerónimo del Encino,
Oaxaca.
3 Septemba 2011

Dada yangu mpendwa Otilia,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mgongo unaendeleaje? Nasikia huko jimbo la Washington mnachuma matufaha tangu alfajiri na baridi imeshaanza kuwatafuna. Vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama rangi yake inawachekesha watu. Mimi mzima. Mama naye mzima, ila magoti humsumbua mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haitaki kuondoka.

Sasa kaa chini, dada. Nimempata Evodio.

Najua nilikuahidi kwamba jina lake halitatokea tena katika barua zangu. Nisamehe, leo nitalitaja mpaka nishibe.

Binamu Tranquilino alikwenda Michoacán kuuza pilipili kavu, akapitia kijiji kiitwacho El Zapotillo. Mlangoni mwa kanisa akakuta tangazo la ndoa: Evodio Barrientos, kapera, na Maricruz Villicaña, binti wa palepale. Kapera! Mtu aliyekuoa mbele ya padri na kijiji kizima. Mtu aliyetoka kwenda kumwita mkunga wewe ukigaagaa kwa uchungu, kumbe akapanda basi. Miaka saba mtoto yuko kaburini, na baba yake bado hajarudi na mkunga.

Harusi ilikuwa imebakiza siku sita. Nilitoa cheti chenu cha ndoa sandukuni, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki na kukishonea ndani ya bitana ya koti. Mama aliniona. Alinifungia tamale ishirini za unga wa mahindi, akanipigia ishara ya msalaba, nami nikawasha pikipiki ya marehemu Baba.

Ile pikipiki unaijua. Siku ya kwanza waya wa klachi ulikatika, nikaendesha nusu siku bila klachi, nikiomba mbwa wasinivukie, maana nikisimama siondoki. Siku ya pili mnyororo ulikatika mlimani. Nikauunga kwa waya wa ua, ukakatika tena. Kila ulipokatika nilimtukana Evodio, pikipiki sikuitukana hata mara moja. Siku ya tatu nikakuta wakulima wamefunga barabara kuu kwa magogo wakidai maji. Wakanielekeza njia ya mashambani, nayo ikaniishia mtoni. Daraja lilikuwa limezolewa na mafuriko.

Pale mtoni palikuwa na bibi mmoja mwenye nyumbu wa kubebea mizigo, Doña Escolástica. Alinitazama nilivyojaa tope hadi kiunoni.

“We mwanamke, unamkimbilia mume?”

“Ndiyo, bibi. Ila si wangu, ni wa dada yangu.”

Nilipomweleza yote, sigara ilimdondoka mdomoni. “Mbona hukusema mapema? Lete kamba!”

Nyumbu wake wakaivuta pikipiki hadi ng'ambo, nusu yake ikiwa majini. Tangu hapo ikawa inakohoa kama mgonjwa, na siku ya tano, Ijumaa, ikazimika kabisa nikiwa naanza kuziona nyumba za El Zapotillo. Nikaisukuma hadi kwa fundi wa kwanza, mzee mmoja mnene aitwaye Don Wenceslao.

“Binti, hii si pikipiki, ni samaki,” akasema akimwaga maji kwenye kabureta. “Lakini itapona. Na kesho huondoki kabla hujala kwetu. Namwoza binti yangu Maricruz.”

Dada, nikaishika bitana ya koti. Siku tano nilikuwa nimeandaa matusi ya Evodio, sikuwa nimejiandaa kukutana na baba mwema. Nikataka kunyamaza. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukiuliza, shuka imelowa damu, “Evodio amefika?” Nikaichana bitana.

Alikisoma cheti mara mbili, akikishika kwa ncha za vidole asikichafue kwa grisi. Nikamsimulia habari ya mkunga na basi.

“Na mtoto?”

“Tulimzika kesho yake.”

Akamaliza kukaza plagi. Akanawa mikono kwa sabuni, taratibu. “Twende,” akasema.

Evodio alikuwa uani kwa mzee akigeuza nyama ya nguruwe kwenye sufuria la shaba, amenenepa, kavaa buti mpya. Aliponiona alipauka kama jivu.

“Shemeji Domitila! Umetokea wapi?”

“Nimekuja kuuliza kama ulimpata mkunga.”

Akaanza kumwambia Don Wenceslao kwamba watu wa kwetu ni wazushi. Maricruz akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akapokea cheti kwa baba yake, akakisoma. Hakulia.

“Vua,” akasema.

“Nivue nini, mpenzi?”

“Buti. Kanunua baba. Na shati, nimelishona mimi.”

“Maricruz, watu wanatazama...”

“Ndiyo maana sinong'oni.”

Kaka zake wanne walikuwa wamekwisha kusimama. Alivua. Akatoka na fulana yake, peku, katikati ya wanawake waliokuja kusaidia kupika, na hakuna aliyempisha njia. Siku za mwizi ni arobaini, dada. Zake zilichelewa, lakini zilitimia.

Sitakuficha: Maricruz alinipa sahani ya chakula bila kunitazama usoni. Hilo sikulifurahia. Mengine yote niliyafurahia.

Pikipiki ilipowaka ilikuwa saa tisa alasiri. Nje ya kijiji nikamwona akichechemea juu ya kokoto. Alisikia injini, akageuka, akapunga mkono. Nikapunguza mwendo. Nilipunguza kabisa, mpaka akatabasamu na kuinua mguu ili apande. Hapo nikavuta mafuta. Gurudumu la nyuma lilikuwa ndani ya dimbwi, na dimbwi lote likahamia kwake.

Salimia Eleuteria na wenzako wote wa bustanini. Tranquilino anakusalimu. Mama anakuombea usingizi mzuri kwa Bikira. Nilipomsimulia, pale pa dimbwi aliniomba nirudie mara tatu.

Mungu akulinde, akunyooshe mgongo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko nilivyowahi kukwambia,
Domitila