Nilimweka Shemeji Nyuma, Mkwe Akaninyima Kahawa

Bi Shamsa, salaam nyingi, nakuomba unijibu gazetini kabla ya Jumamosi ijayo, mimi ni kijana wa Muleba, karani wa kupima kahawa, na ndiye kapteni wa timu yetu, nimemchumbia Benigna binti wa Mzee Karugendo, na kaka yake Buberwa ndiye senta-hafu wetu, hata kama hutazami mpira jina hilo utakuwa umelisikia, maana akiwa katikati ya uwanja ni yeye anayezuia, ni yeye anayepasi, ni yeye anayepiga, na watu hutoka vijijini kwa miguu kumtazama yeye tu.

Sasa mwaka huu nilipanda meli kwenda Kampala kumwona mjomba, na huko nikaona timu imejipanga namna ambayo sijapata kuona tangu nizaliwe, sisi hapa sote tunacheza mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano, lakini wale, senta-hafu wao walikuwa wamemtoa katikati wakamweka nyuma kabisa, baina ya mabeki, kazi yake moja tu, kumganda senta-fowadi wa upande wa pili, na mafowadi wawili wa ndani wakarudi kushika nafasi yake, nikasema moyoni hii ndiyo dawa ya watu wa Bukoba mjini, maana kila mwaka wanatufunga kwa sababu Buberwa akipanda, nyuma yetu panabaki wazi.

Basi tulipokwenda kucheza nao mechi ya kombe mwezi uliopita nikawapanga vile, nikamwambia Buberwa palepale uwanjani, refa keshashika filimbi, leo usivuke mstari wa katikati, akanitazama, akasema, "Haya, kapteni," basi, na hakuvuka, na senta-fowadi wao hakupata mpira wa maana hata mmoja, tukashinda bao moja kwa bila, tulishinda, Bi Shamsa! Kumbe Mzee Karugendo alikuwa amepanda lori na ndugu zake wa ukoo kuja kumwona kijana wake, na watu wa mjini walipoona Buberwa hapandi wakaanza kumzomea, "Huyo mgonjwa! Mrudisheni akalinde migomba!" na mzee akainuka hata mapumziko hayajafika, na ndugu zake nyuma yake, wakaondoka.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwake na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikidhani nitasifiwa, nikaketi mkekani pamoja na wageni wengine, na kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kikapita kwa kila mtu, kilipofika kwangu mzee akakichukua akampa aliyeketi baada yangu. Maawe! Kwetu hata mpita njia aliyeomba maji hupewa kahawa, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema, "Waitu, Tata, baba yangu, nimekosa nini?" Akasema, "Kijana wangu ulimfunga kamba kama mbuzi mbele ya watu wa mjini. Binti yangu utamfunga wapi?" Rubisi yangu ikarudishwa mlangoni haijaonjwa.

Jumamosi tunarudiana nao hapa Muleba na mzee atakuwepo, nikimrudisha Buberwa katikati tutafungwa mbele ya watu wetu, nikimwacha nyuma nimemkosa Benigna, na bila Benigna sijui nitaishije, Bi Shamsa, nifanye nini?

Kapteni Aliyenyimwa Kahawa, Muleba

*

Kapteni,

Subhana'llah! Umeficha jina lako ukataja la mkweo, la shemeji yako na la mchumba wako. Muleba ina makapteni wangapi? Unaposoma haya wamekwisha kukujua mpaka Kashai huku mjini.

Tena ujue unamwandikia mtu wa Miembeni, papa hapa Bukoba mjini. Bwana wangu alirudi toka uwanjani siku ile akaikataa chai. Ningekuwa na roho mbaya ningekwambia mrudishe Buberwa katikati upesi, Jumamosi tujilipie. Lakini hapa sisemi uongo, na kweli ni kwamba mpango wako ni mzuri. Mlituweza.

Pole kwa kahawa. Nimezaliwa mji huu, najua kikapu kile kikikupita ni kama umezabwa kofi mbele za watu. Ila kofi hilo ulilitafuta mwenyewe, bwana mdogo! Ulipomtaka Benigna ulifanyaje? Ulituma mshenga, akaenda, akarudi, akaenda tena, mzee akaombwa kwa heshima zote. Ulipotaka kubadili kazi ya kijana wake, kazi ambayo ukoo mzima unajivunia, ukamwambia refa keshashika filimbi! Hukumwuliza, hukumweleza. Mzee hakuona mpira pale. Aliona mkwe wake mtarajiwa akimwamuru mtoto wake akae mahali, na mtoto anatii hajui kwa nini. Swali lake ni la haki kabisa, na wewe bado hujamjibu.

Na lililonishtua kuliko yote: barua ndefu namna hii, hakuna hata mstari mmoja unaosema Buberwa mwenyewe anaonaje. Wala Benigna. Unawapanga tu!

Haya, sikiliza. Leo hii mfuate Buberwa, mkiwa wawili tu, umwombe radhi. Kisha umwulize Jumamosi anataka kucheza wapi. Akisema katikati, mweke katikati, na mkifungwa mfungwe, kombe hutalioa. Akisema nyuma, nendeni pamoja kwa baba yake, mshenga wako akitangulia. Usibebe rubisi. Buberwa ndiye aeleze, wewe funga mdomo mpaka uulizwe.

Ukiulizwa, mwombe mzee punje kumi na moja za kahawa umpangie timu palepale mkekani. Huyu golikipa, hawa mabeki, hawa mafowadi. Punje ya Buberwa usiiguse. Mwachie mzee aiweke kwa mkono wake. Akiiweka katikati, usibishe. Mwulize tu, "Tata, na senta-fowadi wao tumwachie nani?" Kisha ngoja, hata ikichukua muda.

Akiisogeza nyuma mwenyewe, Jumamosi wazomee watakavyo, hatainuka. Na akizikusanya punje zake akakunyooshea moja, nakuomba, usianze tena kumweleza mpira. Itafune.

Bi Shamsa