Ufunguo wa Nne wa Madame Claes

Jumatatu, 3 Machi 2025

Ramadhani siku ya tatu, na Thanasis ananituma nikaibe! Mgiriki huyu, bosi wangu, fundi wa funguo na viatu hapa Saint-Josse, Ubelgiji. Wiki iliyopita alibadilisha kitasa kwa Madame Claes, bibi wa miaka themanini kule Auderghem. Kitasa kipya huja na funguo nne. Alimkabidhi tatu. Wa nne leo kanitia mkononi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi bibi yuko hospitali Jette, anasafishwa figo. Kabatini, chini ya mashuka, kuna kisanduku cha vito. Bibi mwenyewe alimwonyesha, kwa kumwamini.

Nikasema siwezi. Akauliza kibali changu cha kukaa kinaisha lini. Mwisho wa mwezi — anajua vizuri, bila mkataba wa kazi hakiongezwi, na wa kuusaini ni yeye. Shenzi!

Jumatano, 5 Machi 2025

Kabamba, dereva wetu, mtu wa Lubumbashi, ananiona mjinga. "Bon, Abeid, unaogopa nini? Ni kuingia, ni kutoka, c'est tout. Ile maman muzee hatajua kitu." Mbona asiende yeye? Ana pasi ya Ubelgiji, hana wa kumtisha.

Thanasis kanikalisha. Kasema na yeye alianza hivihivi, kijana, huko Piraeus, mjomba wake alimlazimisha. Alilia wiki nzima. Macho yakamlowa hata leo. Sasa mimi nifanye nini na machozi yake? Anaujua uchungu huo, bado kanipakulia na mimi.

Nimewaza kurudi Tanga mikono mitupu. Mwanakheri, mke wangu, aliuza cherehani yake ili nifike huku. Nitaenda. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimefanya.

Nilifungua, nikaingia, kisanduku nikakikuta palepale. Dakika tano. Natoka — mzee wa mlango wa pili, na kijibwa chake, wamesimama kando ya viatu vyangu. Nilivua viatu mlangoni! Mwizi mimi! Miguu ilifanya yenyewe, kama nimekwenda kwa watu kuamkia. Nikajua nimekwisha.

Mzee akatabasamu. Eti hatimaye bibi kaletewa mhudumu mwenye adabu, asiyechafua zulia. Nikajibu oui, ndiyo. Kisanduku kimo ndani ya koti. Akaomba namba yangu ya simu, nikampa. Ya kweli! Hata kudanganya namba sijui.

Jioni nimemkabidhi Thanasis kisanduku, naye kasaini mkataba. Nimefuturu maji tu.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Mzee kapiga simu: bibi karudi kutoka Jette hana nguvu, nije. Ningekataa vipi? Bibi kadhani mzee ndiye aliyenitafuta. Nimempikia supu, nimefunga, naonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Bibi analia. Ndani ya kisanduku mlikuwa na pete ya marehemu mumewe. Anamshuku Graciella, mama wa Kikongo anayemfanyia usafi — ufunguo mmoja anao yeye. Polisi wameshaarifiwa.

Nikasema pengine si yeye. Mzee akanipiga bega: mtu mwema haoni ubaya wa wenzake. Nilitamani anitukane.

Jumatatu saa nne polisi wanakuja. Bibi kaniomba niwepo, anaogopa.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Naandika chooni kwa bibi. Nimefunga komeo.

Polisi wawili. Graciella kafika na nguo zake za kazi, kajieleza kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, pole pole, mikono magotini. Wakamwambia lazima waende naye kituoni. Hapo Kifaransa kikamtoka chote. Akanigeukia mimi — alishanisikia ngazini nikiongea na Mwanakheri kwenye simu. "Papa, weye unasikia Kiswahili. Mi siko mwizi, papa! Naapa mbele ya Mungu. Uwaambie! Tafazali, uwaambie!"

Bibi akauliza anasema nini. Wote wakanitazama. Mzee pia. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia huku.

Mkataba umo mfuko wa shati, pamoja na sahihi ya Thanasis. Nikisema, naupoteza, na Tanga sirudi leo wala kesho, naenda jela. Nikinyamaza, anaenda yeye. Namsikia analia, bado ananiita papa.

Polisi anagonga mlango. Anauliza kama nimemaliza.