Tairi za Talib na Kiti cha Mbele

Konde, Pemba
Jumatano, baada ya Adhuhuri

Dada Mardhiya,

Basi si mtandao, dada. Simu niliikata mwenyewe. Pale uliponiuliza mbuzi wa nini tena, ndipo Talib alipotokeza mlangoni na makubadhi yake miguuni, na simu yenyewe ni yake. Nikasema haya dada wasalimie, nikabonyeza. Najua umebaki roho juu. Simu yangu mie ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo, tangu siku hiyo haisemi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kazija jirani yangu anapanda boti kesho kuja Unguja, atakuletea barua hii, na nimeifunga kwa gundi pande zote maana Kazija unamjua macho yake.

Subiri kwanza nikuamkie, usije kusema mdogo wako kapoteza adabu. Shikamoo dada. Hujambo? Shemegi hajambo, na mguu wake vipi, bado anauburura au ushanyooka? Wanao wote nawaombea heri. Sie huku wazima, alhamdulillahi. Ashraf wangu yuko Chake kwenye masomo yake. Mvua inakuja inaondoka. Nazi zipo, ila mbuzi yangu ya kukunia imepotea jikoni, nimeitafuta mpaka chini ya kuni siioni, kila siku naazima ya Kazija mpaka uso hauna pa kwenda. Mwandiko usiucheke, unajua niliishia darasa la nne.

Haya. Ile gari ya Talib unaijua, ile nyeupe tuliyokuja kukupokelea bandarini Mkoani. Ilikuwa gari ya watu ile. Unafungua mlango, unatia kalio, unavuta miguu, ushakaa. Na kiti cha mbele ni changu, kitambaa chake nimekishona mie kwa mkono. Mwaka huu mume wangu kapata kazi ya kupeleka watu na mizigo kule mwisho, unapita msitu wa Ngezi mpaka unaingia kwenye mchanga, na mvua ikinyesha njia yote inakuwa uji. Kakwama, kakwama tena, akasema gari lazima inyanyuliwe. Akaipeleka kwa fundi Nyange hapa Konde, ikatiwa springi ndefu, ikarudi imesimama kama mtu aliyepandisha kanzu kuvuka tope, vigoko viko nje! Watu wa barazani walicheka, wallahi. Wakamwambia Talib, gari umeivisha viatu vya mtoto. Ndipo ikaanza habari ya kuchagua tairi, na raha yangu mie ikaishia hapo.

Maana siku ya kwanza tu nilipotaka kupanda, nilishika mlango, nikainua mguu, goti likakataa. Mie mfupi, na mwili nimejaaliwa. Talib akanisukuma kwa nyuma, watu wote wanaangalia, kanga ikabaki mlangoni. Nikasema basi, nakwenda kwa miguu. Na nikenda kwa miguu.

Sasa kuna mwanamke, dada. Hapa ndipo penyewe. Anaitwa Nadhira, mtu wa Kengeja huko kusini, ananunua mwani kwa kina mama wa huku kwetu, na gari anayokodi ni ya Talib. Kaachika, hana mume. Na miguu yake, subhanallah, inaanzia mabegani. Yeye kwenye gari ile anapanda hatua moja, kama anavuka kizingiti, baibui linapepea, udi wake unabaki uwanjani kwangu mpaka Magharibi. Na anakaa wapi? Mbele. Juu ya kitambaa changu.

Mie nikajikaza, nikacheka nao. Unanijua mie mtu wa kucheka. Lakini moyoni, dada, moto.

Fundi Nyange akampa Talib njia mbili. Abaki na rimu zake za zamani, za kumi na tano, atie tairi za thalathini na moja, gari ikae chini kidogo. Au anunue rimu za kumi na saba na tairi za thalathini na tatu, gari ipande zaidi, ila ile plastiki ya ndani ya madigadi ikatwe maana akikunja usukani mpaka mwisho tairi itasugua. Mie nilikuwepo, nimejitia kupeleka chai. Nikasema za thalathini na moja zinatosha kabisa, jamani. Fundi akacheka, akanambia Bi Mwatum, tairi ikizidi inchi mbili gari inapanda inchi moja tu, nusu ya juu haikuhusu. Nikamwambia inchi moja kwako wewe, kwangu mie ni kiti cha mbele.

Talib mwenyewe alikuwa anataka rimu za kumi na nane, zile zinazong'ara. Nadhira akamwambia hapana, Bwana Talib, rimu ikiwa kubwa mpira unabaki mwembamba, na kwenye mchanga lazima utoe upepo tairi ilale kama chapati, mpira mwembamba ukilala rimu inagonga mawe. Kayajua wapi? Ana kaka yake huko Kengeja anacheza na magari. Basi Talib akamsikia! Mie namwambia tangu ndoa yetu asiingie na makubadhi ndani, hanisikii. Yule kasema mara moja, kumi na nane zikafa. Ikawa kumi na saba, thalathini na tatu. Mezani, kitandani, akitoka msikitini, thalathini na tatu. Na spea, dada! Anasema spea lazima iwe saizi ile ile ya wenzake, zote tano sawa sawa, asibague. Nikamuuliza kwa upole, huo uadilifu unajifunzia kwenye tairi, utautumia wapi? Akacheka tu.

Rimu zikaja mwanzo. Unajua kaziweka wapi? Chini ya kitanda chetu. Kila usiku kabla ya kulala anainama anazipangusa, na anazipangusia kanga yangu. Na zile za zamani, za kumi na tano, kampa kaka yake Nadhira, gari imebaki uwanjani juu ya magogo inangoja tairi. Nyumba nzima inahamia Kengeja kidogo kidogo, mie natazama.

Mpaka Ijumaa. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, Talib yuko nje nyuma ya ukuta anazungumza na simu. Nikasikia anasema, Nadhira, mbuzi nishapeleka. Bado tairi tu, zikifika ndiyo siku yenyewe. Halafu akateremsha sauti, akasema Mama Ashraf hajui kitu, usije ukamwambia.

Dada, ungo ulinitoka mkononi. Mbuzi! Mtu anapeleka mbuzi wa nini kwa mwanamke asiye na mume, kama si karamu ya ndoa? Na siku yenyewe, siku gani? Nikaona kila kitu. Kaka wa Kengeja kashapewa rimu, mbuzi keshafungwa kambani anangoja kuchinjwa, gari inanyanyuliwa bibi harusi apande hatua moja kiti cha mbele, na mie nitapakiwa nyuma na magunia ya mwani. Sikulia. Nilichambua mchele ule mpaka nikatoa na mchele wenyewe.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nakupa kwenye simu. Sasa sikiliza ambayo hukuisikia, na usinigombeze.

Jioni ile Talib kenda msikitini kaiwacha simu kwenye chaji. Tarakimu nazijua, na jina la Masoud nalijua, yule muuza tairi wa huko kwenu Unguja, aliyekuwa anamuagizia. Nikamwandikia Masoud kwa simu ya Talib, kama mie ndiye Talib. Nimebadilisha mawazo, usilete za thalathini na tatu, lete thalathini na moja, za kumi na tano. Nikapunguza kila kitu, maana fundi kila alipotaja za chini alikuwa anasema thalathini na moja na kumi na tano, nami nilitaka ya chini kabisa. Masoud akajibu sawa bosi. Nikafuta yangu, nikafuta na yake. Nikaiweka simu, nikapaka hina. Nikasema moyoni, haya bibi harusi, njoo na miguu yako mirefu ukae kwenye gari ya chini magoti yakufike kidevuni.

Nililala vizuri siku hizo, dada, siwezi kukudanganya.

Sasa jana asubuhi. Nafagia ndani, nasikia hodi uani. Sauti ya Nadhira. Hodi Bi Mwatum, nimekuletea mbuzi! Damu ikanipanda. Yaani mbuzi wa harusi yake analetwa kwangu, nimkamatie kamba? Nikatoka na fagio juu juu, nimeshapanga maneno yote, na Kazija keshatoa kichwa dirishani. Namkuta kasimama, baibui lake, miguu yake, na mkononi kashika mbuzi yangu ya kukunia nazi.

Nilibaki na fagio hewani. Kazija akaniuliza vipi, nikasema naondoa utando wa buibui.

Nadhira akasema Bwana Talib kamuomba aipitishe, maana fundi kamaliza kupimia. Nikauliza kupimia nini. Akajishika mdomo. Akasema yaillahi, nimeharibu, nilikatazwa. Nikamvuta ndani, nikamtilia chai, na mkate wa kumimina uliobaki nikautoa wote, mpaka akasema.

Kumbe Talib anaichongea gari kipandio, dada. Upande wa mbele kushoto, upande wangu. Chuma kinashuka chini, juu kinavikwa mpira nisiteleze. Fundi Nyange alimwambia apime kwa futi, yeye akasema futi haimjui Mama Ashraf, mbuzi inamjua. Mke wangu anakaa na kuinuka juu ya mbuzi hii tangu tumeoana, goti halijalalamika hata siku moja, kipandio kisizidi hapo. Tairi zikishafika na kufungwa ndiyo siku yenyewe, anichukue mie tuwili tu mpaka kule kwenye mchanga, nikae mbele.

Nilimtazama Nadhira, sikujua nicheke au nifanye nini. Na nitakwambia kweli, wivu haukwisha hapo. Kwa nini goti langu akalizungumze na yeye? Kwa nini yeye ajue kabla yangu? Amwambie mwanamke mwenye miguu ile kwamba mke wangu hawezi kupanda! Lakini alikunywa chai yangu kwa adabu, akausifu mkate, akanambia kwao Kengeja hata yeye alipokuwa mjamzito alipandishwa gari kwa kukanyaga ndoo. Nikamcheka. Nikamchukia kidogo kuliko juzi.

Halafu nikamuuliza kwa ujanja, kama mtu asiye na habari, eti mtu akinunua tairi ndogo kuliko rimu, si itavutika tu, mpira si mpira? Akaniambia Bi Mwatum, ile tarakimu ya mwisho ndiyo tundu la tairi. Tairi ya kumi na tano inakaa kwenye rimu ya kumi na tano, basi. Kwenye ya kumi na saba haiingii hata uite kijiji kizima. Kama pete na kidole.

Dada Mardhiya. Rimu zilizoko chini ya kitanda changu ni za kumi na saba. Za kumi na tano ziko Kengeja. Nimemuagizia mume wangu tairi tano ambazo hazina pa kuingia.

Nimezunguka barua nzima ili nifike hapa. Nakuomba, kwa heshima ya mama yetu, ukiisoma tu vaa baibui lako nenda kwa Masoud. Mwambie wewe ni shemegi yake Talib, kumetokea makosa, tairi ni zile zile za mwanzo, thalathini na tatu, tundu kumi na saba. Kazija kanambia mzigo wa Masoud haupakiwi mpaka Jumamosi, kwa hivyo kesho utawahi. Talib nitamwambia mwenyewe, lakini si leo, na si kabla sijakaa kwenye kile kiti. Unamjua, akiniita Mama Ashraf mambo yote mazuri. Akiniita Mwatum, jina tupu, nimekwisha.

Haya, nisalimie shemegi, aendelee kuusugua mguu. Nisalimie wifi zako wote, na yule mkubwa mwambie hina yake nzuri sana ila

Subiri. Kuna gari imesimama nje. Ni ile ya abiria inayotoka Mkoani, nasikia utingo anapiga bodi. Wanashusha kitu kinadunda. Kinadunda tena.

Talib huyo ananiita. Mama Ashraf! Njoo uone, zimewahi! Nimemjibu nakuja, nafunika chungu. Sasa kaingia chumbani, kainama kitandani anatoa rimu, kanipita nimeikalia barua hii. Kanambia usitoke bado, nje kuna jambo lako, nitakuita. Anacheka mwenyewe, dada. Hajacheka hivi tangu Ashraf kuzaliwa.

Sasa wanaigonga tairi kwa nyundo.

Nasikia fundi Nyange anasema hebu ilete nyengine. Anasema na hii pia haiingii.

Mwatum!

Jina tupu hilo, dada. Naitikia.