Basi Namba Tatu na Fundi Flavian

S.L.P. 41,
Sumbawanga.
14 Agosti 1979

Mpendwa Dada Sekela,

Shikamoo. Habari za Tanga na joto lenu? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Malangali sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha, na Mama analalamikia magoti yake.

Dada, nikueleze ukweli: nina wivu. Ushirika wetu wa mabasi umemleta Flavian, fundi kijana aliyesomea Dar es Salaam. Miaka kumi na miwili mimi, fundi mkuu wao, ndiye niliyekuwa nikiamua gari lipi litoke na lipi lilale. Sasa meneja akitaka kujua jambo, ananipita mlangoni kama hanioni, anakwenda kumwuliza yeye. Hata chai huletewa yeye kwanza.

Vipuri havipatikani, kwa hiyo Flavian akashauri basi namba tatu listaafishwe, sehemu zake zilizo nzima zisaidie mabasi mengine. Basi lile nimelilea mimi. Nikabisha, nikasema ni zima, nikatia sahihi liende Milepa Jumamosi.

Jumamosi yenyewe Mama naye akapanda, anakwenda kumwona mdogo wetu Suma aliyejifungua. Sikumzuia. Ningemzuia, wangejua siliamini gari langu mwenyewe.

Flavian akalisimamisha getini, akaingia chini yake. Akatoka na kipande cha mpira wa tyubu nilichofungia bomba la breki lililopasuka. Gereji nzima hakuna anayefunga vile ila mimi. Alinitazama, akakitia mfukoni, akawaambia abiria, "Shukeni wazee wangu, basi limechoka." Na ule mteremko wa kushukia bondeni Milepa unaujua.

Mpaka leo hajanitaja kwa mtu. Mama sasa anamwita mwanangu, na jana alimpelekea kuku. Nilikaa mezani nikashindwa kula.

Kesho kamati ya ushirika inakutana kuliondoa basi lile barabarani. Nitasimama niseme ni nani aliyeufunga ule mpira, hata kama kazi itakwenda. Usinisifu, Dada. Si wema. Nashindwa tu kuvumilia Flavian awe mwema peke yake.

Nisalimie Shemeji Nikodemo, na mwanao Anyitike mwambie asome kwa bidii. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Andwele