Mstari wa Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Mbinga leo si mchezo. Dk. Sixbert kanipa kazi: nipekue vipimo vyote vya damu kwenye mfumo wa hospitali, tangu mwaka jana. Kreatinini ya mtu, ule uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ikipanda mara moja na nusu kuliko kipimo chake cha nyuma, hilo ni tukio – figo zimeumia ghafla. Anataka kujua ni wangapi tuliwaacha waende nyumbani hivyo. Nimejigamba kwamba nitamaliza kwa siku moja.

Jumanne, 3 Juni

Majina thelathini na nane. La kumi na tisa ni langu.

Mimi! Teodora, mtunza kumbukumbu, sijaumwa hata mafua. Kreatinini ya Novemba 68, ya tarehe 9 Aprili 251. Nimerudia mara tatu. Nikaenda chooni kutazama mkojo wangu, mtu mzima na akili zangu.

Halafu nikakumbuka. Tarehe 9 Aprili nilikuwa Songea kwenye semina. Mdogo wangu Winnie alikuja kutoka Tingi anatapika na kuharisha, hana bima. Nikamwambia kwa simu achukue kadi yangu ya bima kabatini. Tunafanana, Beata wa mapokezi hakuuliza. Akawekewa dripu, akapata nafuu, akarudi kwenye maharage yake kabla majibu hayajatoka.

Novemba ni damu yangu, tulipopimwa afya wafanyakazi wote. Aprili ni yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Dk. Sixbert mstari wa kumi na tisa una kasoro. Kasema huyo ni wewe, na wewe ni mzima, ufute tuendelee. Mkono umekataa.

Ndipo nikaukumbuka ule ujumbe. Aprili, kwenye simu yangu: Teodora, rudi maabara upime tena figo. Nilicheka. Nikadhani wamenichanganya na Teodora mwingine, nikaufuta. Mungu wangu, nimeufuta mimi mwenyewe.

Nimempigia Winnie. Kasema hajambo, uchovu tu. Uso unavimba asubuhi. Anavaa viatu vya shemeji, vyake havimwingii. Na tangu Pasaka anameza vidonge vya mgongo vya duka la dawa, viwili kutwa. Nimemwambia aviache, vinaumiza figo, apande gari sasa hivi. Kasema sawa dada, niwekee kadi palepale.

Nikisema ukweli, kazi sina. Nisiposema, atapimwa tena kwa jina langu.

Dk. Sixbert kachungulia, kauliza kama nimeshafuta. Nimesema bado, akitoka wodini aje, afunge mlango. Nasikia viatu vyake vinarudi –